Rezista moja ya shilingi mia

Ukitaka rezista moja ya kilo-omu kumi, kile kipande kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, hapa Mwanza leo, jiandae kununua pakiti ya mia, au utafute bodi iliyokufa uing'oe humo. Hiyo pakiti ya mia inatoka China, na bei yake ni ya sahani moja ya wali maharage kwa mama ntilie. Kwa hiyo anayelalamika ni nani? Ni mimi.

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo Buzuruga. Elektroniki ni starehe. Jioni wenzangu wanacheza bao, mimi nawasha chuma cha kulehemu, na mke wangu anafungua madirisha yote kwa sababu ya moshi wa kulehemu. Nilianza nikiwa shule ya msingi, na aliyenianzisha ni muuza duka.

Duka lenyewe lilikuwa karibu na Makoroboi, la mzee wa Kihindi ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Bhai. Ukuta mzima ulikuwa na droo ndogo za bati, na mbele ya kila droo amegundisha mfano wa kilichomo. Mtoto asiyejua kusoma namba angeweza kunyoosha kidole. Ukifika na transista iliyoungua, kile kipande chenye miguu mitatu, anaigeuzageuza kwenye mwanga, anauliza, "Imetoka kwenye nini?" Ukijibu ni redio ya National, upande wa spika, anakupa mbili. "Bhai, mimi nina hela ya moja." Anakwambia hizo zinafanya kazi kwa jozi, moja ikifa ile nyingine imeshachoka, kachukue hela nyumbani urudi. Rezista alinipimia moja moja, na shilingi ikipungua alisema nitaleta kesho.

Lakini tusidanganyane, duka lile halikuishi kwa hela za watoto. Liliishi kwa mafundi. Televisheni ya chogo ilikuwa na kapasita (vitunza chaji) za kukauka, transista ya mlalo ya kuungua, transfoma ya umeme mkubwa ya kupasuka. Deki nazo zilikula mikanda. Fundi alikuwa anapita asubuhi na karatasi yenye mahitaji ya wiki, ndipo Bhai alipolipa kodi ya chumba. Sisi wa starehe tulikuwa tunakula makombo ya meza ya mafundi, na kwa muda mrefu tulidhani karamu ni yetu.

Zilipoingia televisheni bapa, meza ikaondolewa. Bapa ikigoma fundi anabadilisha bodi nzima, au anafungua kioo na kuweka mkanda mpya wa taa za LED. Hahitaji droo mia mbili. Anahitaji simu ya jamaa yake Kariakoo na basi la usiku. Bhai alihangaika na rimoti, kisha antena za ving'amuzi wakati mitambo ya analojia inazimwa, kisha akafunga. Leo chumba kile kinauza kava za simu na sabufa.

Sikuelewa vizuri hadi niliposoma habari za wenzetu. RadioShack ya Marekani, kampuni ya maduka ya vipuri vya elektroniki, ilianzia Boston mwaka 1921 ikiwauzia watu wa redio. Ikaishia kutegemea biashara ya simu za mkononi, na mwaka 2015 ikafilisika. Maplin ya Uingereza ikafuata 2018. Hao walikuwa na matawi nchi nzima na wateja wenye kipato, sembuse Bhai wa Makoroboi. Rezista hailipi pango popote duniani.

Na wala simaanishi starehe yenyewe imekufa. Kwa upande mmoja imenona. Zamani kutengeneza amplifaya ilikuwa ni kutafuta aisii (saketi nzima ndani ya kipande kimoja) ya LA4440, ile ya Sanyo iliyotoa wati sita kila upande, uichoree bodi kwa kalamu ya wino mzito, uichovye kwenye dawa, utoboe, ulehemu, halafu uombe Mungu. Sanyo waliuza kitengo chao cha semikonda mwaka 2011, lakini 4440 bado ipo, Wachina wanaitoa wenyewe. Ila nani anaihangaikia? Moduli ya amplifaya yenye bluetooth unainunua tayari, waya mbili za betri, waya za spika, muziki unalia kabla chai haijapoa. Kijana wa jirani yangu aliyesoma VETA pale Nyakato ana ESP32, kikompyuta cha bodi ndogo chenye Wi-Fi, inayompa joto la banda la kuku kwenye simu. Mimi umri wake nilikuwa nashangilia taa kuwaka na kuzima.

Nikamuuliza, "Hii ikiharibika?"

"Natoa naweka nyingine, mzee."

Jibu zuri tu kibiashara. Mimi lilinikera mpaka usiku.

Mahali ambapo bado watu wanashika vifaa kimoja kimoja na kuvipima ni ziwani, na sikutegemea. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa: unaielekeza kwenye maji, dagaa wanasogea, wavu unapita chini. Kwa miaka mingi taa ilikuwa karabai, mafuta ya taa na vioo vya kupasuka mvua ikianza. Siku hizi wengi wametoka huko, wanatumia LED na betri. Na taa ya LED inayokesha juu ya maji, ikirushiwa mawimbi, inaharibika kila namna: nati zinaota kutu, waya unakatika ndani ya ganda, tone moja la maji linaingia na kiendeshi, ile saketi inayoilisha LED umeme, kinakufa.

Kwa hiyo mafundi wa Kirumba na Igombe wanafuata mwezi. Mbalamwezi ikikolea dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika, ndipo taa zinaletwa kwa gunia. Likikaribia giza kila mtu anataka yake leo leo. Nikiwa na nafasi huenda kukaa na fundi mmoja Kirumba, nampimia betri, ananilipa kwa soga na dagaa.

Tunapima hizi za 18650, milimita 18 upana, 65 urefu, zinazotolewa kwenye betri za laptop zilizochoka. Mpya kuziagiza kwa ndege ni kazi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Hivyo tunachambua za zamani. Ukipasua ganda la laptop utakuta seli sita, mara nyingi ni mbili tu zilizokufa, zikaiangusha pakiti nzima. Unaichaji hadi volti 4.2, unaiweka kando wiki, unarudi na mita. Iliyobaki juu ya 4.1 inaingia kwenye taa. Iliyoshuka sana yenyewe haifai hata bure. Dukani utauziwa seli yenye maandishi 9900mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Seli nzuri kabisa ya ukubwa huo inacheza kwenye 3500. Nyingine hizo za maandishi makubwa ukiishika mkononi ni nyepesi mpaka unajua kabla ya kuipima.

Yule fundi anazo droo. Amezitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kula: swichi, viendeshi vya LED, rezista alizong'oa, nati za stenlesi. Ananunua bodi mbovu kwa watu wa skrepa kabla hazijapakiwa kwenda Dar, na wanampigia hesabu kwa kilo, asichague. Na anauza moja moja. Nilimkuta anamuuzia mwanafunzi wa sekondari kapasita ya mikrofaradi 1000 kwa shilingi mia tano, akamwambia mguu mrefu ndio chanya, usije ukanirudishia imepasuka.

Sasa mimi na yule fundi tumeamua hivi: tunaagiza mzigo mmoja kwa meli, kila mtu achangie anachotaka, kisha pakiti za mia zinavunjwa na kuwekwa kwenye madebe yake ziuzwe rejareja. Rezista zote ni za robo wati, kosa lisilozidi asilimia moja. Anayetaka za nusu wati, au transista za kutokea sauti, aniambie kabla sijatuma hela mwisho wa mwezi. Za kutokea sauti nitaziandika kwa jozi tu, msinibishie.