Nilivyojifunza kusoma ECG kwa kipande cha karatasi

Nilihamishiwa ICU nikitokea wodi ya wazazi, yaani mimi na ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, tulikuwa hatujuani kabisa. Nikadaunlodi picha kibao kwenye simu nikaanza kuzikariri kama mtoto anavyokariri bendera za nchi, hii AF (vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo), hii flata (vyumba vya juu vinakimbia kwa mpangilio), hii VT (vyumba vya chini vinakimbia, hatari), baada ya wiki mbili nikajiona nimeiva.

Sasa asubuhi moja, saa kumi na mbili hivi, nakaribia kukabidhi zamu, monita ya kitanda cha nne ikalia, naangalia naona milima mipana inakimbia balaa. VT hiyo! Nikapiga kelele, nikavuta troli ya dharura mbio, nafika namkuta mzee kakaa kitandani anapiga mswaki, povu mdomoni, ananiuliza "kuna nini mwanangu?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Sista inchaji hakunigombeza. Aliprinti ile stripu ya mchoro akanionyesha, katikati ya milima kulikuwa na vichwa vyembamba vya QRS, alama ya pigo la vyumba vya chini, vinapita kwa nafasi ileile ya kabla. "Moyo wake huu hapa, hiyo mingine ni mkono." Akachana kipande cha karatasi akanipa, akasema acha kukariri sura, pima.

Unaweka ukingo wa karatasi kwenye stripu, unatia alama ya peni kwenye R (ncha ya QRS) mbili zinazofuatana halafu unasogeza mbele, zikigongana na R zinazofuata basi mdundo umepangika, zikikataa kila mahali na P, kile kilima kidogo cha vyumba vya juu kabla ya QRS, huioni, fikiria AF. Karatasi inakimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kiboksi kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa 0.20. Hesabu vikubwa 30, hizo ni sekunde 6, QRS zilizomo zidisha kwa 10, unapata mapigo kwa dakika. PR, yaani kutoka mwanzo wa P mpaka mwanzo wa QRS, ni viboksi vidogo 3 mpaka 5, upana wa QRS usifike 3. Wenckebach nayo, ile PR inayorefuka pigo hadi pigo mpaka QRS moja inakosekana, niliielewa kwa mdaiwa wangu mmoja, wiki hii kachelewa kidogo, ijayo zaidi, ya tatu haji kabisa, halafu anaanza upya na adabu zake zote 😂

Iliyonitesa ni flata. Mama mmoja alikuwa na mapigo 150, nikaandika sainasi takikadia, yaani moyo unakwenda mbio kwa njia yake ya kawaida, nikasingizia homa. Nusu saa baadaye 150, saa nzima 150 ileile, na moyo wa homa haugandi hivyo, unapanda unashuka. Nikachukua karatasi yangu nikatazama vizuri lidi II, moja ya mistari ya ECG, kumbe ule msumeno wa flata upo, jino moja limejificha ndani ya QRS, vyumba vya juu vinapiga 300 na nusu tu ndiyo inapita. Nikamwita dokta, safari hii bila kelele.

QRS pana na mbio bado zinanichanganya, hizo nazihesabu VT mpaka mtu anithibitishie vingine, ila kwanza namtazama mgonjwa mwenyewe. Yule mzee siku anaruhusiwa alipita mezani kwangu akauliza kama nyumbani anaruhusiwa kupiga mswaki.