Mama wa Kilifi kwenye malango ya skii: nilivyoipata nafasi yangu Kitzbühel

Wanangu wawili wanashindana mbio za skii, na tunaishi Kitzbühel, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Tirol, Austria. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Wanawake wa Pwani tulioolewa Austria, Ujerumani na Uswisi si haba, na watoto wetu wengi huanza kuteleza kwenye theluji kabla hawajajua kusoma. Kila tukikutana harusini au msibani, wenzangu huniuliza ninawezaje: gharama, baridi, hofu, Jumamosi na Jumapili zote kuishia mlimani, na kuwa mimi peke yangu mweusi pale chini ya mteremko, kati ya wazazi ambao hata babu zao walikuwa wakiteleza. Siku zote jibu langu ni lile lile. Niliomba kazi.

Mtu asiyeujua mji huu atauona mchezo huu kama burudani ya matajiri. Matajiri wapo kweli, wana nyumba zao kule juu na huonekana wakati wa Krismasi. Lakini skii hapa ni ya wenyeji. Klabu ya mji ilianzishwa mwaka 1902. Toni Sailer, kijana wa hapa hapa, alikwenda Olimpiki ya Cortina mwaka 1956 akarudi na dhahabu zote tatu za mbio za kuteremka. Vigari vya kamba vinavyopanda mlima Hahnenkamm vimeandikwa majina ya washindi, kwa hiyo mtoto wa miaka sita hupanda kwenda mazoezini ndani ya kigari chenye jina la bingwa. Mtoto anayekulia hapo hahitaji kuambiwa na mzazi kwamba mchezo huu ni mzito. Anayehitaji kutafuta pa kusimama ni mzazi aliyetoka mbali.

Nami pa kusimama nilipaona siku nilipoelewa kwamba mashindano ya watoto hayaendeshwi na waajiriwa. Mwalimu hupanga njia, mwenye mlima hutoa mteremko, mengine yote ni mikono ya watu wasiolipwa. Lazima wawepo wa kubeba nguzo, wa kufunga nyavu pembeni, wa kugawa namba za kifuani, wa kuita majina pale juu, wa kushughulikia mitambo ya saa, wa kuchemsha chai, na waamuzi waliotawanywa njia nzima. Asubuhi ya kwanza niliyoiangalia kazi ile kwa makini nilijiona niko kwetu, kwenye shughuli: wa vitunguu yuko kwenye vitunguu, wa mchele yuko kwenye mchele, na anayeketi mkekani mikono mitupu ndiye mgeni. Shughuli ni watu. Nikamwendea mzee aliyekuwa na daftari, nikamwambia kwa Kijerumani changu cha darasani kwamba nina mikono miwili. Akanipa mfuko wa namba.

Nilianzia huko, kwenye namba na chai, kwa sababu kazi hizo hazitaki ujue kuteleza. Kinachotakiwa ni kuijua baridi. Hapo wengi wetu ndipo tunapokata tamaa, kwa hiyo nitasema niliyojifunza. Pamba haifai, kwa sababu ikishika jasho hubaki na maji na kukugandisha. Vaa sufu kuanzia ngozini. Viatu viwe vikubwa kidogo ili vidole vichezecheze, kwa kuwa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana hazikuletei joto hata kidogo. Ukisimama saa nyingi, usikanyage theluji moja kwa moja. Weka chini kipande cha godoro la sponji. Mimi leso pia naifunga kiunoni chini ya koti, na mgongo wangu haujawahi kulalamika.

Halafu nilijiandikisha darasa la watu wazima nikajifunza kuteleza. Sikutaka mbio, nilitaka kufika kwenye lango, yaani nguzo zilizosimikwa njiani ambazo mshindani lazima azipite upande uliopangwa. Mwamuzi wa lango lazima ashuke mwenyewe mpaka pale alipopangiwa akiwa na skii miguuni, na siku nilipoweza kusimama imara mahali pa mwinuko, nilihamishwa kutoka kwenye chai.

Kazi ya lango ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Unapewa malango machache uyalinde, kadi, penseli (kalamu ya wino huganda), na ubao wa kuandikia wenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Sheria ni fupi: ncha za skii zote mbili na miguu yote miwili ivuke mstari wa lango. Kwenye slalomu, ambako nguzo zimekaribiana na mtoto huzipiga kwa mikono na magoti, kosa la kawaida ni skii moja kupita upande usio wake wa nguzo. Hutokea haraka mno, tena chini kabisa, karibu na theluji, wakati macho yanataka kumfuata mtoto usoni. Nilifundishwa nimwache mtoto aende, nitazame shina la nguzo. Ukiona kosa unaandika namba ya mshindani na namba ya lango, kisha unachora: nguzo iko wapi, alama ya skii imepita wapi. Mchoro huo ndio ushahidi pekee, kwa sababu kwenye mashindano ya watoto hakuna kamera ya kurudia picha.

Mtoto akisimama, akikuuliza kama amepita sawa, unaruhusiwa neno moja tu: endelea, au rudi. Huruhusiwi kumfariji wala kumwelekeza. Mwanzoni niliona ni ukatili. Sasa naona ni heshima kwake, maana kila mtoto aliyepanda pale anapata neno lile lile, awe wa nani.

Na awe wa nani ndipo penye mtihani. Kuna majira ya baridi niliyomwandikia kosa kijana wa jirani yetu, mtoto aliyekula kwangu mara nyingi. Alikuwa akielekea kupata nafasi ya tatu. Skii yake ya kushoto ilipita vibaya pale pale mbele yangu, hakuhisi, akashuka mpaka mwisho akishangiliwa. Nilichora nilichokiona. Orodha ya walioondolewa ikibandikwa, wazazi na walimu wana dakika 15 za kukata rufaa, na katika dakika hizo mwamuzi haendi popote: anabaki karibu ili akiitwa aeleze. Mwalimu wake akaja, akaiomba kadi, akaitazama, akauliza lango lilikuwa jekundu au buluu. Nikamjibu. Akanirudishia kadi. Mama wa yule kijana alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, akanijia na kikombe cha chai, akasema, "Una macho mazuri." Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena nimetoka wapi kabla hajauliza leo nimepangiwa lango lipi.

Gharama nitazipitia haraka. Mtoto wa mashindano anahitaji skii za slalomu na skii nyingine za slalomu kubwa, ambayo malango yake yametengana zaidi, viatu vigumu, kofia ngumu, kinga ya mgongo, kinga za miguu na mikono, na kila mwaka anarefuka. Vipya vyote hatukuviweza. Kila vuli, kabla msimu haujaanza, familia huuza vilivyowabana watoto wao, na mimi niliyezoea kuchambua mitumba soko la Kongowea, Mombasa, nilijua la kufanya: fika mapema, pindua, pitisha kidole kwenye makali, angalia kama chuma kimekatika. Kunoa na kupaka nta tunafanya wenyewe karakana. Tupa ya kunolea makali, pasi ya kuyeyushia nta, kisha kukwangua na kusugua kwa brashi. Binti yangu alianza kunoa za kwake akiwa na miaka 11, na hakuna mwalimu anayelazimika kumhimiza atunze vyombo vyake.

Hofu ilikuwa ngumu kuliko fedha. Marehemu mama yangu aliwahi kuona video fupi ya mjukuu wake akishuka, akanipigia simu usiku ule ule. "Mwanangu, na wewe unasimama unamtazama mtoto ajitupe mlimani?" Nikamwambia, "Mama, nyavu nimezifunga mimi mwenyewe." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi zikaze."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshajiunga na wafunga nyavu, na kazi hiyo iliniondolea hofu nyingi kuliko maneno yoyote ya kutuliza. Nyavu zinapoungana, kipande cha juu na cha chini hupishana kwa namna ambayo mtoto anayeteleza kuelekea bonde hakutani na mdomo wa wavu ukamnasa skii. Nyuma ya wavu lazima pabaki nafasi tupu, kwa kuwa wavu humpokea mtu kwa kuvutika, na ukiuweka ukigusa mti umeweka mti. Kwenye pembe kali hufungwa safu mbili au tatu. Ukiyajua haya, ukatembea njia nzima asubuhi kabla watoto hawajapanda, unajua kilichopo kati ya mwanao na msitu. Hatari haiishi. Mwanangu wa kiume aliwahi kuvunjika mfupa wa mguu, akakosa msimu mzima. Lakini sikuilaumu njia, nilikuwa nimeipita.

Kila Januari mji wetu hubadilika. Mashindano ya Hahnenkamm, yaliyoanza mwaka 1931, huleta mabingwa wa dunia na maelfu kwa maelfu ya watazamaji kwenye mji wa watu elfu nane hivi. Njia ya kuteremkia inaitwa Streif: urefu wake ni mita 3,312, kutoka juu hadi chini unashuka mita 860, na sehemu iitwayo Mausefalle, sekunde chache tu baada ya kuanza, ina mwinamo wa asilimia 85. Mwanaskii Fritz Strobl wa Austria aliimaliza mwaka 1997 kwa dakika 1 na sekunde 51.58. Simama kando ya njia ile hata mara moja na utaelewa kwa nini wanaume wazima hunyamaza kabla ya zamu yao.

Kinachowashangaza watu wa kwetu nikiwasimulia ni kwamba adui wa wiki hiyo ni theluji mpya. Njia ya mabingwa hutengenezwa iwe ngumu kama barafu, kwa kuingiza maji ndani ya theluji yagande, ili anayeshuka wa thelathini apate njia inayofanana na ya wa kwanza. Usiku ikianguka theluji laini juu yake, lazima iondoke yote kabla ya asubuhi. Basi watu huamshwa gizani: wanajeshi, wana klabu, wakulima, wanafunzi. Wengine wana makoleo, wengine hushuka ubavu ubavu na skii zao wakiisukuma theluji pembeni, mara kwa mara, mpaka ugumu uonekane tena. Baba mkwe wangu alifanya kazi hiyo ujana wake wote, na mume wangu anaifanya mpaka leo. Mimi kwa Streif sina miguu hiyo. Mimi niko jikoni la wafanyakazi, tunaanza kuchemsha supu saa tisa za usiku, na watu wakishuka na barafu kwenye nyusi wanakuta sahani tayari. Bizari na tangawizi nilizianzisha mimi, na sasa zikikosekana wanauliza.

Wanangu wameniona katika kazi zote hizi, na naamini limewasaidia zaidi ya pesa ambazo sikuwa nazo. Wanajua kila sekunde yao mlimani imebebwa na mtu aliyeamka kabla yao. Nimewasimulia pia habari za Philip Boit, Mkenya aliyeshindana Nagano mwaka 1998 kwenye mbio ndefu za skii, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni amkumbatie. Na za Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya mwaka 1998, akakulia Austria, kisha akaishindania Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Binti yangu anapomtaja Sabrina hutaja jina moja tu, kama anayemtaja dada mkubwa.

Binti yangu alipofikia umri wa kuchagua shule, wenzake walifanya mtihani wa kuingia Stams, shule ya wanaskii iliyoko huku huku Tirol. Yeye alikataa. Alisema anapenda mbio lakini hataki ziwe maisha yake yote, na mume wangu nami tuliupokea uamuzi huo kwa moyo mweupe. Amebaki klabuni, anawafundisha wadogo Jumatano. Kaka yake anaendelea kushindana, mguu umepona.

Msimu ujao nimeombwa niwasimamie waamuzi wa malango kwenye mashindano ya watoto walio chini ya miaka 12, nami nimekubali. Kwa hiyo mama yeyote wa kwetu aliye Tirol, Salzburg au Bavaria, mwenye mtoto mlimani na asiyejua pa kuanzia, aje asimame nami lango moja, asubuhi moja. Viatu vya kuazima tutavipata, na chai ipo.