Vile tuliandika kijiji chetu upya kwa daftari

Tulirudi karibu na Burnt Forest Mei 2008, wakati wa Operesheni Rudi Nyumbani, mpango wa serikali ya Kenya wa kurudisha makwao watu waliofukuzwa na ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tulikuwa tumekaa miezi kwenye hema pale showground Eldoret. Serikali ilikuwa imeahidi shilingi 10,000 ya kuanzia na 25,000 ya kujenga, na nyumba ilisimama. Lakini watu walikuwa wanapitana barabarani kama hawajawahi kuazimana chumvi.

Kuna mtu alitufanyia semina akasema tuandike yaliyotupata, ati ukiandika roho inapoa. Nikamwamini. Nikatoka na simu ya kurekodi na fomu: jina, hasara, nani alichoma. Mama mmoja jirani akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, hii unampelekea nani?" Nikakosa jibu. Wiki nzima nilipata kurasa mbili na watu watatu wakaacha kunisalimia. Huo ushauri unaniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu akijua aliyemchomea bado anapitisha ng'ombe hapo kwa geti, ataandikaje hayo halafu alale?

Sasa siku moja nikamuuliza baba njia ya kwenda mtoni ilikuwa inapita wapi zamani. Akaokota kijiti akachora chini, geti la nani, mti wa nani. Mama akasema hapana, huo mti ulikuwa upande huu. Jirani yetu Mkalenjin alikuwa anapita, akasimama, akasema, "Mzee, huo mti ni babangu aliupanda, na nyote wawili mmekosea." Wakabishana karibu saa nzima, wamechuchumaa hapo chini pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza tangu turudi. Nikakimbia kuleta daftari.

Kutoka hapo swali langu likawa moja tu: ukitoka kwenu ukienda shule, ulikuwa unapita kwa nani? Jioni nawasomea kwa sauti, na naacha kosa moja makusudi. Mtu anaweza kunyamaza mwaka mzima lakini hawezi kuvumilia mti wa babake ukipewa mtu mwingine. Akianza kunirekebisha nampa kalamu aandike mwenyewe. Mpe ya wino, penseli inafutika daftari likizunguka kwa mikono mingi.

Tuko daftari la nne. Kurasa za ule usiku nyumba zilichomwa tumeziacha wazi, mwenye atataka ataandika. Yule mama aliyeniuliza nampelekea nani alikuja mwenyewe akaitisha kalamu, akaandika majina ya ng'ombe wake wote sita, akanirudishia.