Kumbukumbu ya mradi wangu: kuchagua risasi za shabaha na za mawindo

Mradi una bunduki mbili. Ya kwanza ni .22 LR, ya mazoezi ya shabaha ya mita 50. Ya pili ni .308 Winchester, ambayo nataka iwe imekamilika kabla sijaomba kibali cha kuwinda. Zote ziko kwenye leseni, na duka haliniuzii risasi ya kaliba (kipimo cha unene wa risasi na mtutu wake) isiyoandikwa humo, kwa hiyo suala la kaliba lilishakwisha. Kazi iliyobaki ni ndefu zaidi, maana ndani ya kaliba moja kuna risasi za kila namna, bei zinapishana mno, na ushauri mwingi unaotolewa hapa mjini ni wa mazoea tu. Naandika nilipofikia ili mwenye bunduki za namna hii asianze na sifuri.

Ya .22: mwendo na upepo wa kusi

Kwenye maboksi ya .22 utakuta aina mbili kuu: za kasi ya kawaida na za kasi kubwa. Wengi huchukua za kasi kubwa wakiamini kinachokwenda mbio hakisumbuliwi na upepo. Kwa bunduki kubwa hilo kwa kawaida ni kweli. Kwa .22 mambo yamegeuka, na sababu yake inastahili kuelezwa vizuri.

Sauti husafiri kama mita 331 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 0, na kama mita 349 ikiwa na nyuzi 30. Hiyo ya pili ndiyo hewa yetu ya Dar miezi mingi ya mwaka, jua likishapanda. Risasi ya kasi ya kawaida hutoka mtutuni na kama mita 330 kwa sekunde, kwa hiyo inabaki chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Ya kasi kubwa hutoka na kama mita 380, hewa inaikaba kwa nguvu, na inashuka chini ya mwendo wa sauti kabla haijafika kwenye shabaha ya mita 50. Kupita kwenye mpaka ule huitikisa, na yoyote iliyotoka ikiwa na kasoro ndogo huanza kutangatanga. Ukirudi nyuma hadi mita 100 unaliona waziwazi kwenye karatasi.

Na upepo? Kinachohesabiwa ni muda ambao hewa imeichelewesha risasi, yaani tofauti kati ya muda iliotumia kufika na muda ambao ingetumia kama hewa isingekuwepo. Ya kasi kubwa hupoteza mwendo mwingi zaidi njiani, kwa hiyo kuchelewa kwake ni kukubwa, na upepo wa pembeni huisogeza zaidi kuliko ile ya polepole. Kwa uwanja ulio karibu na bahari hii si nadharia. Kusi ikivuma kutoka kulia, matundu ya risasi za kasi kubwa yalihama kushoto na kutawanyika, ilhali yale ya kasi ya kawaida yalihama kidogo na kubaki pamoja. Nimefunga hoja hiyo: mazoezi yote ya .22 ni kwa kasi ya kawaida.

Kuna jambo jingine linaloonekana kwa macho kabisa. Kichwa cha .22 hizi za kasi ya kawaida ni madini tupu ya risasi, kimepakwa nta ili kisichafue mtutu. Kwa joto letu nta ile hulainika. Ukizimwaga risasi kwenye mkeka uliolalia, baada ya muda ukizigeuza kidoleni unaona chembe za mchanga zimenata pembeni ya kichwa, na chembe hizo zinaingia mtutuni na risasi. Sasa nazitoa moja moja kutoka kwenye kisanduku kilichokaa kivulini. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Madini ya risasi ni sumu, na mazoea hayapunguzi sumu.

Jambo la mwisho kuhusu .22 ni bechi, yaani fungu lililotengenezwa kiwandani kwa mkupuo mmoja. Boksi mbili za chapa moja, jina moja, bei moja, zenye namba tofauti za bechi, zinaweza kupiga tofauti kwenye bunduki ileile. Wapiga shabaha wa mashindano makubwa hujaribu bechi kadhaa kwanza kisha hununua nyingi za ile iliyowakubali. Sisi wa kawaida tuna uwezo wa kufanya jambo dogo la jamii hiyohiyo: soma namba kwenye boksi, iandike, na ukikuta bechi inayopendwa na mtutu wako, nunua kiasi leseni na mfuko vinachoruhusu.

Ya .308: swali la mzee

Huku nilitumia muda mwingi kwenye karatasi. Nilijaribu zenye koti zima (kichwa kimevikwa metali ngumu hadi nchani) za greni 147 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), za shabaha zenye kitundu nchani za greni 168 (gramu 10.9), na za ncha laini (madini ya risasi yako wazi nchani) za greni 150 na 180 (gramu 9.7 na 11.7). Kwa mita 100, zile za 168 zilishinda bila ubishi: kundi la matundu lilikuwa karibu kufunikwa na sarafu ya shilingi mia mbili. Ncha laini za 180 zilitawanyika hadi kama sentimita 4.

Uwanjani kuna mzee mmoja aliyewinda miaka mingi upande wa Rufiji. Siku moja nilimkuta kwenye kivuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado unapima karatasi?"

"Bado, mzee. Hizi za 168 zinapiga vizuri sana."

"Karatasi haina bega, kijana wangu. Niambie hiyo risasi yako ikigonga bega la kongoni inafanya nini."

Swali hilo ndilo lililoupa mradi mwelekeo. Kitundu cha nchani kwenye risasi ya shabaha kimetokana na utengenezaji: koti la shaba hufungwa kuelekea nchani ili kitako kibaki sawasawa kabisa, maana gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu ikikisukuma kitako kilichopinda, risasi inaanza safari ikiwa imeinama. Hakikuwekwa pale ili risasi ichanue ndani ya mnyama. Nyingine hupita kama sindano, nyingine hupasuka juujuu, na huwezi kujua mapema ni ipi. Koti zima ni mbaya zaidi kwa swala: hutoboa na kutoka, mnyama anakimbia akiwa na jeraha, anafia porini usikomwona. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko kukosa kabisa.

Ncha laini imetengenezwa ichanue. Moyo na mapafu ya swala pala vinachukua eneo la kama sentimita 15, kwa hiyo kutawanyika kwa sentimita 4 kwa mita 100 kunatosha na kubaki. Kuanzia hapo sikuona faida ya kuendelea kukimbizana na milimita.

Ili nione kwa macho yangu, nilipewa ruhusa na msimamizi wa uwanja nipange madumu ya maji, moja nyuma ya jingine, mbele ya tuta. La kwanza lilipasuka vibaya, maji yakaruka juu kuliko kichwa cha mtu. Kichwa cha greni 180 tulikikuta kwenye dumu la nyuma zaidi: kimejikunja nyuma kama uyoga, kingo zake zina makucha ya shaba, katikati madini ya risasi ya kijivu yanang'aa. Kwenye mzani kilikuwa na gramu 9 na kidogo kati ya 11.7. Maji si nyama wala mfupa, lakini nilishajua kinachanua na hakisambaratiki.

Nimechagua 180 peke yake, ingawa 150 inatosha kabisa kwa swala pala na ngiri. Sababu ni kwamba uzito tofauti hupiga mahali tofauti kwa darubini ileile, na sitaki kuwa porini nikijiuliza nimeingiza ipi. Inanipa pia uzito wa kutosha kwa kongoni na nyumbu. Kwa nyati siigusi .308 kabisa, Tanzania kaliba ya chini kwa mnyama huyo ni .375, na ile .375 H&H (Holland & Holland) Magnum ya mwaka 1912 bado inafanya kazi hiyo hadi leo.

Kila ninapolisema hili hutokea mtu wa kunitajia Bell, yule Mskoti aliyeua tembo kwa mamia kwa kaliba ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alitumia vichwa virefu, vizito, vyenye koti gumu zima, na alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi. Anayemtaja ili ahalalishe kaliba ndogo aanze na huo msumeno.

Mtutu baridi

Porini risasi inayohesabiwa ni ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Kwa hiyo kila nikifika uwanjani, kabla ya jambo lolote, napiga moja ya 180 kwenye karatasi ileile ninayoitunza, naandika tarehe pembeni ya tundu, naikunja. Karatasi hiyo inaniambia ukweli kuliko makundi yote. Nafanya mapema, kabla ya saa nne, kwa sababu baadaye mazigazi yanapanda kutoka ardhini na shabaha inacheza kwenye darubini.

Utunzaji

Unyevu wa chumvi wa Dar unakula maganda ya risasi. Nimeacha mkanda wa ngozi kwa kuhifadhia, maana ngozi inayatia kutu ya kijani. Risasi zinakaa kwenye sanduku lenye mpira wa kuzuia hewa na vifuko vya kunyonya unyevu, chini ya kufuli. Haziachwi kwenye gari juani. Baruti ikipata joto jingi hupandisha msukumo ndani ya mtutu, na tundu linahama kutoka pale ulipoliweka.

Kinachofuata

Nanunua 180 za bechi moja za kutosha mazoezi ya mwisho na safari yenyewe. Nikifika kambini, baada ya mitikisiko ya barabara, nitahakiki darubini upya kabla ya kumfuata mnyama yeyote. Zile za shaba tupu, zisizo na madini ya risasi, nitazijaribu zikipatikana. Hubaki na karibu uzito wote zikichanua, lakini kwa uzito uleule ni ndefu zaidi, na risasi ndefu hutaka kuzungushwa haraka zaidi ili itulie hewani, kwa hiyo lazima kwanza nipime mifereji ya mtutu wangu inazunguka kwa umbali gani.