Wimbi la 63

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019, baada ya tarawehe. Tulikuwa watano barazani kwa ami yangu, Mji wa Kale wa Mombasa, na kahawa tungu ilikuwa imeshazunguka mara mbili. Binamu yangu alishika simu iliyochomekwa kwenye pawabenki, na kiooni ulikuwa mchezo wa mtandaoni, Old School RuneScape. Mtu wake alisimama mlangoni mwa pango la TzHaar, chini ya volkano ya Karamja. Anayeingia humo hukabili mawimbi 63 ya maadui bila kutoka, na wimbi la mwisho lina zimwi mmoja tu, TzTok-Jad, mwenye uhai 250 na pigo linaloweza kufika 97.

Kilichotufikisha hapo ni ubishi. Ami aliicheza RuneScape ya awali mwaka 2008 katika saiba moja, duka la intaneti, Mwembe Tayari, na hukumu yake haikuwa imebadilika tangu hapo: umetengenezwa Cambridge kwa watu wa Ulaya, na mtu wa Mombasa atauawa ilhali papa kumi wa kula ajiponye wangali mfukoni. Fundi wa simu wa mtaani yeye aliona kosa si umbali, kosa ni simu. Alisema tangu toleo la simu litoke Oktoba 2018, linafaa kuvulia kambamawe na kukatia miti, basi. Ukipigana, kidole chako chenyewe kinakuziba usimwone adui. Binamu akawaambia wote wawili wamekosea, na usiku huo ataonyesha.

Rai za wachezaji katika mchezo huu si maneno ya kupitisha saa. Old School yenyewe ilizaliwa kwa kura: mwaka 2013 watu karibu 450,000 walipiga kura ya kutaka mchezo urudishwe ulivyokuwa Agosti 2007, na tangu hapo jambo kubwa jipya haliingizwi mpaka wachezaji wakubali. Wakati ule kiwango kilikuwa asilimia 75. Mwaka 2022 kikashushwa hadi 70. Kwa hiyo mtu anayesema “tunaonewa” anastahili kusikilizwa kwa vipimo, asipuuzwe.

Na vipimo vipo. Seva ya RuneScape haisikii kila mguso papo hapo. Inahesabu kwa tiki, na tiki moja ni sekunde 0.6. Ukitembea, unasogea mraba mmoja kwa tiki, ukikimbia, miwili. Ukila chakula, unangoja tiki tatu kabla ya kula kingine, na pigo lako linalofuata linachelewa pia. Amri yako, hata ungekuwa na kidole chepesi namna gani, inasubiri tiki ijayo pamoja na za wengine wote.

Sasa chukua saiba ya ami. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kutua Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu nyingi ilipita kwenye setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda, kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka tena, ni karibu nusu sekunde hata kama mitambo yote haikupoteza wakati. Tiki nzima inakaribia kuisha angani. Usiku ule fundi alipima kwa simu yake mpaka seva za Ujerumani, ikasoma kati ya milisekunde 170 na 220. Hiyo ni theluthi ya tiki.

Lakini ami alipigilia msumari asipotarajia mwenyewe. Aliposimulia alivyokuwa akifa, kila kisa kilikuwa na mtu kiti cha pili anayepakua video. Hapo ndipo penye siri, na naiamini mpaka leo: ucheleweshaji usiobadilika unazoeleka. Mtu mwenye nusu sekunde kila mara atajifunza kubonyeza mapema. Anayeuawa ni mwenye laini inayoyumba, mara sekunde 0.2, mara mbili nzima, kwa sababu vidole vyake havina cha kuzoea.

Binamu alikuwa na ngazi 75 ya upinde, 44 ya kinga, yaani sala zinazozuia mapigo, na uhai 74. Alivaa ngozi nyeusi ya joka, akashika upinde-mtambo wa rune na mishale mipana. Mfuko una nafasi 28, naye alizigawa hivi: chupa 18 za dawa ya kinga, sita za Saradomin za kuponya, mbili za kurudisha nguvu kwa sababu Saradomin hushusha ngazi ya upinde, na mbili za kuongeza upinde. Kila chupa ina dozi nne. Kwa ngazi yake, dozi moja ya kinga hurudisha nukta 18, saba za kudumu na robo ya ngazi, yaani 11. Kisha akafanya mambo matatu ambayo wengi hawayafanyi, halafu hulaumu seva: alichagua ulimwengu, yaani seva, wa Ujerumani kwenye orodha badala ya ule uliojitokeza wenyewe, alizima Wi-Fi ya jirani ili simu isirukeruke kati ya Wi-Fi na bando, na akapunguza mwanga wa kioo ili simu isichemke.

Akasahau la nne. Nitalifikia.

Dada yake alikaa kizingitini na karatasi na kalamu, akiandika wimbi na dozi. Ni yeye aliyetuonyesha mpangilio. Adui mpya hujitokeza wimbi la 1, la 3, la 7, la 15, la 31, kisha 63: zidisha kwa mbili, ongeza moja. Tz-Kih ni wadogo lakini wanakunywa kinga yako kila wakigusa, kwa hiyo wanauawa kwanza. Tz-Kek akifa anagawanyika wawili. Tok-Xil anarusha miiba kutoka mbali, na Yt-MejKot anawaponya wenzake. Kuanzia la 31 yupo Ket-Zek, mchawi wa ngazi 360, na akitokea yeye kinga ya uchawi haizimwi. Binamu alikaa karibu na mwamba ambao wachezaji huuita Italia kwa umbo lake. Adui wakubwa hukwama nyuma yake huku wewe ukiwapiga mmoja mmoja.

Wimbi la 43, simu ikalia. Mama yake, anauliza maziwa ya daku. Mchezo ukazama nyuma ya skrini ya simu inayoingia, na kwa sekunde tano hakuna aliyeona kinachoendelea pangoni. Alipokata na kurudi, Tz-Kih wawili walikuwa wamemning’inia na kinga imebaki nukta tatu. Dozi tatu kwa mpigo. Hilo ndilo la nne: weka simu isipokee chochote, na kabla ya hapo mwambie mama. Fundi akasema, “Si niliwaambia, simu!” Ami akamjibu kwamba hata saiba walikuja kumwita dukani.

Karibu saa sita usiku ikaja 63. Barazani pakawa kimya, hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake.

Jad hupiga kila baada ya tiki nane, sekunde 4.8. Akiinuka kwa miguu ya nyuma na ya mbele ikaning’inia, ni moto wa uchawi. Akiishindilia miguu ya mbele chini, ni jiwe litokalo juu, na hilo linahitaji kinga ya mishale. Tangu ishara ianze una takriban tiki tatu za kubadilisha. Ukitoa theluthi ya tiki ya safari ya Ujerumani, wakati unabaki mwingi. Hata kwa setilaiti iliyotulia ungebaki na tiki mbili hivi. Kinga hizo mbili zimekaa bega kwa bega kwenye ukurasa wao, na binamu aliuacha ukurasa huo wazi muda wote, kidole gumba kikielea juu yake. Hakubadilisha kwa kubahatisha. Aliacha kinga ya mwisho iwake mpaka aone miguu.

Nusu ya uhai, 125, waganga wanne wakatokea. Hapa ndipo wengi wanapofia, na sababu ni macho. Kila mganga anatakiwa kupigwa mshale mmoja ili amwache Jad akufuate wewe. Ukimwacha, zimwi anapona mpaka juu. Lakini mchezaji akianza kumtafuta mganga, humwacha Jad. Binamu aliwagusa wawili. Akamtafuta wa tatu nyuma ya mguu wa zimwi, na dada yake akasema tu, “Miguu!”

Alichelewa. Jiwe likashuka, 41. Uhai ukabaki 22. Lingekuwa 97, au hata 63, yangekwisha. Akanywa Saradomin, akasubiri miguu, akabadilisha, ndipo akampiga wa tatu. Kisha wa nne. Kila kitu baina ya ishara na ishara, kamwe si wakati wake. Dakika tatu baadaye Jad akaanguka. Kwenye maandishi tukaona tokkul 8,032, fedha ya TzHaar, na mfukoni lile joho la moto la mgongoni, likitiririka kama lava.

Dada akahesabu: dozi mbili za kinga, Saradomin hakuna.

Ami aliomba simu. Akalizungusha lile joho kwa kidole polepole, mbele na nyuma, miwani imeshuka puani. Fundi hakusema kitu. Baadaye ami akauliza kama jina lake la 2008 bado linafungua. Binamu akamwambia, “Lafungua, ami, lakini huku utaanza upya. Ngazi ya tatu, kisiwa cha mafunzo.”

“Na huko nafanya nini?”

“Watakupa wavu, uvue kamba wadogo.”

Ami akatazama upande wa bandari ya zamani, akairudisha simu. “Basi hilo nalijua,” akasema. “Niwekee kwenye yangu kabla hawajapita wa ngoma ya daku.”