Msanii wa harakati hali makofi

Jamani hii kitu inaniuma kweli. Msanii chipukizi anaimba kuhusu rushwa, kuhusu wasichana kuozeshwa wakiwa wadogo, watu wanashea klipu na kukomenti "umeua mwanangu" halafu basi, wimbo wenyewe hawanunui, na yeye huku studio anadaiwa, prodyuza kashikilia masta (rekodi yenyewe halisi ya wimbo) mpaka alipwe, redio nazo zinaogopa kuupiga.

Na hizi nyimbo zina nguvu aisee. Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, aliongea Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuhusu ubaguzi wa rangi, makaburu wakapiga marufuku rekodi zake. Senegal mwaka 2011 marapa wa kundi la Keur Gui na waandishi wa habari walianzisha vuguvugu la Y'en a Marre (yaani "tumechoka"), wakahamasisha vijana wajiandikishe kupiga kura.

Kwa hiyo kama unamkubali mtu nunua wimbo wake, lipa kiingilio kwenye shoo yake hata kama mnajuana, na nyie mashirika mkimwita atumbuize kwenye kampeni mlipeni, hiyo "tunakutangaza" hailipi kodi ya nyumba. Wanasheria nao wajitolee kumsomea mkataba kabla hajasaini, maana hapo ndo wengi wanapoteza haki za nyimbo zao.