Stata Inapolia: Shajara ya Chevrolet Nova ya 1972

Kelele ya stata hunieleza mambo machache sana kwa ukubwa wake, lakini hunieleza mengi kwa wakati inapotokea. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliandika katika daftari la gari hili, na kazi niliyoimaliza wiki hii imenirudisha kwenye ukurasa ule ule, kwa sababu safari hii kelele haikuwa na wakati maalumu. Siku moja ililia kabla injini haijashika, siku nyingine ililia baada ya kushika, na mabadiliko hayo yenyewe ndiyo yaliyokuwa ushahidi.

Gari lenyewe ni Chevrolet Nova ya 1972, yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na giaboksi ya otomatiki ya Turbo-Hydramatic 350. Ninalitunza hapa Ohio, ambako chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula kila chuma kilicho chini ya gari. Lilipofika kwangu, injini ilikuwa imekwisha kufumuliwa na kuundwa upya na fundi nisiyemfahamu, na aliyeniuzia alinieleza kwa uaminifu kwamba stata ilikuwa na kelele kidogo.

Wasomaji wengi wa nyumbani wamezoea magari ya gia za mkono, ambayo nyuma ya injini yana flaiwili, gurudumu zito la chuma lililovishwa ringi ya meno. Meno yakilika, fundi huichemsha ringi, akaing'oa, akaigeuza upande wa pili au akaweka mpya, na flaiwili ikaendelea na kazi. Gari la otomatiki halina flaiwili ya namna hiyo. Uzito unaohitajika kutuliza mwendo wa injini unabebwa na tokikonveta, chombo kilichojaa mafuta kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi, na kati yake na krenkishafti, shafti kuu ya injini, pana bamba jembamba la chuma, fleksipleti, ambalo ringi yake imechomelewa ukingoni. Bamba hilo limefanywa jembamba makusudi ili lipinde kidogo konveta inapovimba kwa joto na shinikizo la mafuta. Kwa hiyo sehemu ambayo stata inaitegemea iwe imara ndiyo ile ile iliyoundwa iweze kunyumbuka, na kila anayechunguza stata ya gari la namna hii anapaswa kulikumbuka hilo tangu mwanzo.

Katika injini hizi za Chevrolet fleksipleti huwa za vipimo viwili. Ipo ndogo yenye meno 153 na kipenyo cha takriban sentimita 32, na ipo kubwa yenye meno 168 na kipenyo cha takriban sentimita 36. Stata ya ile ndogo hufungwa kwa bolti mbili zilizo katika mstari ulionyooka, na ya ile kubwa hufungwa kwa bolti mbili zilizopishana, moja mbele ya nyingine. Bloku nyingi, yaani miili ya injini, zimetobolewa matundu ya aina zote mbili, jambo ambalo humruhusu mtu asiye makini kufunga stata isiyolingana na bamba. Stata ya meno 168 ikifungwa mbele ya bamba dogo, pinioni, gia ndogo ya stata inayouma meno ya ringi, hubaki mbali na kuzunguka bila kuuma chochote, na ikiwa kinyume chake pinioni hugonga ringi na kukataa kuingia. Kabla ya kununua kifaa chochote nilifungua kava la vumbi lililo chini ya giaboksi, nikatia alama ya chaki kwenye jino moja, nikayahesabu yote huku nikiizungusha krenkishafti kwa spana. Yalikuwa 168, na stata ilikuwa yake.

Umeme nao ulistahili kuchunguzwa mapema, kwa sababu solenoidi, sumaku ya umeme inayoisukuma pinioni hadi kwenye ringi, ikiwa na njaa ya umeme huisukuma kwa ulegevu, na pinioni inayoingia nusu hukwangua meno na kutoa kelele inayomdanganya msikilizaji. Nilipima betri wakati wa kupiga stata ikawa juu ya volti 10, wakati kiwango ambacho haifai kushuka chini yake ni volti 9.6. Upotevu katika waya mnene wa chanya haukufika nusu volti. Waya wa hasi unaotoka kwenye bloku kwenda kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu, nikaubadilisha, lakini kelele haikuondoka.

Sasa nirudi kwenye wakati wa kelele, kwa sababu hapo ndipo uchunguzi wote unaposimama. Stata ikilia kwa sauti nyembamba wakati inazungusha injini, kabla haijashika, maana yake pinioni iko mbali mno na ringi. Ikilia baada ya injini kushika na ufunguo kuachiwa, maana yake pinioni iko karibu mno, inabanwa na meno yanayokimbia kuliko yenyewe na kuchelewa kurudi. Ikiwa sauti ni mvumo mkubwa unaosikika injini ikiwa imewaka huku ufunguo bado umeshikwa, ubaya uko kwenye klachi ndogo ya bendeksi, inayopaswa kuiachia pinioni izunguke peke yake. Mngurumo unaosikika stata inapopungua mwendo hadi kusimama mara nyingi hutokana na amicha, sehemu inayozunguka ndani ya stata, iliyopinda.

Nafasi hiyo hurekebishwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vyenye unene wa takriban milimita 0.4, vinavyowekwa kati ya stata na bloku. Shimu ikikaa chini ya bolti zote mbili huishusha stata, na pinioni ikawa mbali zaidi. Ikikaa chini ya bolti ya nje peke yake huiinamisha stata, na pinioni ikasogea karibu. Kipimo kinachotafutwa ni kati ya milimita 0.5 na 0.9 hivi, kutoka ncha ya jino la pinioni hadi kwenye bonde la ringi, pinioni ikiwa imevutwa nje na bisibisi kana kwamba solenoidi imeisukuma. Waya wa klipu ya kawaida ya karatasi unatosha kuwa geji.

Nilipoishusha stata, nilikuta juu yake shimu za kila namna, nzima na nusu, nyingine zikiwa zimekatwa kwa mkono kutoka kwenye bati. Shimu nzima na shimu nusu hufanya kazi zinazopingana, na aliyeziweka pamoja bila shaka alikuwa akiifuata kelele ambayo kila alipoiziba upande mmoja ilitokea upande mwingine. Niliusikitikia mkono huo. Ulikuwa mkono wa mtu aliyejitahidi, lakini aliyepima mahali pamoja tu pa ringi.

Mimi niliiondoa mizigo yote ile, nikairudisha stata bila shimu hata moja, kisha nikapima, nikaizungusha injini kidogo, nikapima tena, hadi nikaimaliza duara nzima. Sehemu moja waya wa nusu milimita ulipita kwa shida, na upande unaotazamana nayo palipita zaidi ya milimita 1.3. Hakuna shimu inayoweza kuitibu tofauti hiyo, kwa kuwa shimu husogeza stata na ugonjwa ulikuwa kwenye ringi. Injini ilipokuwa ikisimama mahali pa karibu, kelele ilikuja baadaye, na iliposimama mahali pa mbali, kelele ilitangulia.

Meno nayo yalikuwa na habari yake. Injini ya V8 huwasha silinda moja kila nyuzi 90 za mzunguko, na inapozimwa husimama mahali ambapo mgandamizo wa silinda inayofuata unaizuia, hivyo kila mara krenkishafti hukaa katika mojawapo ya sehemu nne zile zile. Pinioni huanza kuuma hapo, na meno ya hapo ndiyo yanayolika kwanza. Nilitarajia kuona makovu manne yanayofanana. Niliona manne kweli, lakini mawili yalikuwa yamelika kwenye ncha tu na mawili yalikuwa yamepondwa hadi chini, jambo lililokubaliana kabisa na vipimo vya waya.

Palikuwa na dalili nyingine ambayo nilikuwa nimeiandika mbali na suala la stata. Gari likiwa sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, mlio mdogo wa kugonga ulisikika upande wa nyuma wa injini, na ulibadilika nilipoingiza gia. Mafundi wengi wakisikia hivyo hufikiria beringi za koni rodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti, na injini nyingi zimefumuliwa bure kwa sababu hiyo, kwa kuwa fleksipleti iliyopasuka hugonga vivyo hivyo. Nilipoziweka dalili mbili kwenye ukurasa mmoja, sikuona sababu ya kusubiri. Nilishusha giaboksi.

Ufa ulikuwa pale ambapo huwa, kuzunguka matundu ya bolti sita zinazolishika bamba kwenye krenkishafti. Ulikuwa umepita kutoka tundu hadi tundu kwa karibu nusu ya duara, na kingo zake zilikuwa zimesuguana hadi zikang'aa.

Ningeweza kuishia hapo, nikanunua bamba jipya na kufunga. Lakini bamba lililoundwa kunyumbuka haliwezi kupasuka namna ile bila kulazimishwa kupinda kila mzunguko, na mwenye kulilazimisha ni lazima atafutwe. Nyuma ya bloku panapaswa kuwa na pini mbili nene za chuma zinazoiweka giaboksi katikati ya mstari wa krenkishafti. Hapakuwa na hata moja. Pini hizo mara nyingi hung'olewa bloku inapopelekwa kuoshwa na kuchongwa, na zisiporudishwa giaboksi hushikwa na bolti peke yake, ambazo matundu yake ni mapana kuliko zenyewe, ikakaa upande kidogo. Katika Chevrolet hizi stata hufungwa kwenye bloku, wala si kwenye giaboksi kama ilivyo katika magari mengine mengi, kwa hiyo kukaa upande huko hakuisogezi stata hata kidogo. Kunaliumiza bamba, na bamba likishaumia ndipo stata inapoanza kulia. Kwangu mimi, huu ndio uzuri wa magari haya ya zamani: kila kitu kiko wazi kwa macho na vidole, na sababu ya kitu inaweza kufuatwa kutoka kifaa hadi kifaa mpaka mwisho wake.

Nimegongelea pini mpya, nimeweka fleksipleti ya meno 168, na bolti zake sita nimezikaza kwa nguvu ya nyutoni mita 81. Kabla ya kuifunga konveta nilihakikisha imezama yote ndani ya giaboksi na kwamba imebaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5 mbele yake, kwa sababu konveta isiyozama huponda pampu ya mafuta mara tu bolti za giaboksi zinapokazwa. Stata nimeifunga kwa bolti zake halisi, zile zenye shingo yenye mikwaruzo inayoziba tundu barabara, kwa maana bolti ya kawaida ya duka la vifaa huiacha stata iteleze na kuharibu kipimo chote.

Vipimo vya ringi mpya vinatofautiana kidogo sana duara nzima, na nafasi imekuja ndani ya kiwango kwa shimu moja nzima. Kilichobaki ni kile kibati kidogo kinachoshika mkia wa stata mbele na kuufunga kwenye bloku, ambacho hakikuwepo na ambacho wengi hukitupa wakidhani ni pambo. Bila hicho, uzito wote wa stata huning'inia kwenye bolti mbili za nyuma, na sikio la bloku linaweza kumeguka. Nimekichora kwenye karatasi ngumu kwa kufuata matundu yalivyo, na Jumamosi nitakikata kutoka kwenye bamba la chuma la milimita 3.